Maua Yasiyongoja Harusi

Mnunuzi mjinga huja sokoni jua likiwa limeshapanda. Mwenye akili hufika alfajiri, wakati muuzaji bado hajapata mteja wake wa kwanza, kwa sababu hapa Kashikishi, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hakuna muuzaji anayekubali mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Akiondoka hivyo, siku nzima imeharibika. Basi mteja wa kwanza hubembelezwa, hupunguziwa, huongezewa. Mimi nimeezeka nyumba yangu bati kwa kuwa mteja wa kwanza wa watu wengine.

Mtu mmoja tu hakunipa faida hiyo, naye ni Emilienne, muuza maua. Meza yangu ya chumvi na sabuni ilipakana na mabeseni yake. Kila alfajiri, kabla mtu hajamkaribia, alikuja na ua moja, akaliweka juu ya gunia langu, akachota kiganja kimoja cha chumvi.

"Voilà, Papa Munyu," alisema, yaani Baba Chumvi, ndivyo alivyoniita. "Nimesha kuuzisha. Soko imefunguka."

Kuanzia hapo, kwa kuwa nimeshamnunulia ua kwa chumvi, yeyote aliyekuja alikuwa mteja wa pili, na mteja wa pili hana haki ya kubembelezwa. Wanawake waliolala njiani kutoka Kawambwa ili wawahi bei ya kwanza walinitazama mimi na lile ua kwa jicho baya. Mimi nilifaidi nini? Ua. Mke wangu alilichovya kwenye kikombe, na sikumwambia lilitoka wapi.

Ukisikia soko la maua la jumla, usiwaze jengo. Lilikuwa kona ya mchanga nyuma ya bandari, mahali zinapogeuzia pikapu za samaki. Kulikuwa na kina mama waliochuma maua ya uani kwao, mekundu na ya manjano. Kulikuwa na Evariste, Mkongomani mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye matope, aliyeleta maua ya plastiki kutoka ng'ambo ya ziwa, yamefungwa mafungu kama kuni. Na kulikuwa na Emilienne na mayungiyungi yake, yale maua ya majini yenye rangi ya samawati na moyo wa manjano. Wanunuzi walikuwa kina mama wa makanisa, wasokota mataji ya misiba, wenye nyumba za wageni, na wachuuzi wa mbali. Walinunua kwa beseni, haraka, na jua lilipokausha mchanga kona ile ilikuwa ya mbuzi tena.

Emilienne alivuka kutoka Pweto, ng'ambo kule Kongo, wakati wa vita vya kwanza vya huko, yeye na mume wake. Mume akarudi ng'ambo kuchukua baiskeli yake. Baiskeli ilivuka, mtu mwingine akiiendesha, akitafuta wa kumuuzia. Mume hakuvuka. Emilienne hakuuliza maswali mengi. Aliinunua ile baiskeli kwa bei nzuri, akaiuza Nchelenge kwa bei nzuri zaidi, na huo ndio ulikuwa mtaji wake. Siku moja mmoja wetu asiye na adabu alimwuliza kuhusu mume, naye akajibu, "Baiskeli ilikuwa na breki."

Maua aliyapata kwenye takataka. Wavuvi wa ziwa dogo la Mofwe, kule karibu na Mwansabombwe, hufunika samaki kwa majani mabichi ya yungiyungi ili wasiharibike njiani. Maua yalikuja humo humo bila kualikwa, na dereva wa pikapu, Elliot, aliyatupa chini na majani akifika. Emilienne alimwuliza ni ya nani.

"Ya mbuzi," Elliot alisema.

"Bon. Tangu leo ni yangu. Na wewe utaniletea mingi, yenye haijafunguka, chini ya gunia ya maji. Nitakulisha chai na mukate kila asubui."

Elliot alikubali kwa kicheko. Alipokuja kuona watu wananunua takataka yake, alikuwa ameshazoea ile chai, na Emilienne hakuwa mtu wa kubadilisha mapatano. Aliongeza sukari tu.

Lakini yungiyungi lina tabia yake. Linaamka jua likianza kuuma, na mchana ukikatika linajifunga. Likilala limelala, hata ulipigie ngoma. Kwa misa ya asubuhi halina tatizo. Tatizo ni harusi. Mwezi wa saba wa mwaka ule, 1997, palikuwa na harusi iliyopambwa kwa maua ya Emilienne, na bibi harusi aliingia kanisani watu wakishatamani chakula cha jioni. Kila ua lilikuwa limejifunga kama ngumi. Mji mzima uliiita harusi ya usingizi. Evariste alitembea na fungu lake la plastiki begani wiki nzima, akilitikisa mbele ya watu.

"Hii yangu haijue hata kupiga miayo," alisema.

Na sasa ilikuwa inakuja harusi ya Chabu na Misheck. Shangazi wa bibi harusi Chabu ni ba Matildah, hilo ba likiwa neno la heshima kwa Kibemba, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kanisa. Ndiye aliyekuwa akifunda mabinti wa pale kabla ya kuolewa, nachimbusa kama Wabemba wanavyosema, na ndiye aliyeongoza kina mama wa kupamba. Alikonunua Matildah, wote walinunua. Alikuja mwenyewe kwa Emilienne, akasimama juu ya mabeseni kama anayeangalia watoto wanaooga.

"Mara moja tena," alisema. "Juu maua yako ni mazuri. Lakini yakilala wakati mutoto wangu anaingia, nakwenda kwa Evariste, na sirudi. Hata unipe bure."

"Sijawahi kumupa mutu bure," Emilienne alisema.

"Ndiyo maana nakuambia."

Emilienne alifahamu vizuri. Bila Matildah hakuna harusi, na bila harusi angebaki na mataji ya misiba, ambayo hayamlishi mtu kwenye mji wenye afya njema kama ule wa kiangazi. Nilimshauri aanze kuuza na vitunguu, vitunguu havilali.

Kilichokuwa kikichelewesha harusi zetu si bibi harusi, si nywele zake, wala si padri. Ni mlango. Upande wa bwana harusi ukija kumchukua binti, kina mama wanaziba mlango mpaka wapewe chao, na upande wa pili haukubali kutoa kabla haujalalamika. Wote wanapenda hivyo. Ndiyo sehemu ya harusi yenye maneno. Na mshenga wa Misheck, yule wanayemwita shibukombe, alikuwa ba Lackson, mnunuzi wa samaki, mtu mwembamba anayeweza kubishania kuku kana kwamba ni ng'ombe. Yeye na Matildah walishakutana kwenye mlango mwingine mwaka uliotangulia. Waliokuwepo wanasema wali ulipoa, ukapashwa, ukapoa tena.

Jumamosi ya harusi nilifika kungali na ukungu juu ya maji. Pikapu ya Elliot ikaingia, ikageuka, ikasimama nyuma yake ikituelekea sisi. Emilienne aliteremsha maua yake chini ya magunia mabichi, akaja na ua langu lililofumba bado, akachota chumvi. Hakusema voilà. Alikuwa anaangalia upande wa mitumbwi, ambako Lackson alikuwa anachagua samaki wa karamu, akimwinua mmoja mmoja kwa shavu na kumtukana ili ashuke bei.

Matildah akaja kutoka upande wa pili, mkononi ana kiatu kimoja cheupe.

"Ni nini hiyo?" nikamwuliza.

"Ni cha Chabu. Mukanda umekatika jana akijaribu kucheza nacho. Nampelekea fundi." Akageukia mabeseni. "Maua yangu?"

"Ni hii mabeseni ine," Emilienne alisema. "Lakini sitoi hata moja."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mulango yako. Utafunguka wakati gani?"

"Mulango ni wa bamama. Utafunguka ukifunguka."

"Wakati ule maua yamesha kulala."

"Hiyo ni shida ya maua, mwanangu."

"Apana, bamayo. Ni shida yangu. Mi ndiye nitakula plastiki."

"Haina ladha," Evariste alisema kutoka mezani kwake. "Omba Papa Munyu akutilie chumvi."

Watu wakacheka. Emilienne hakumgeukia. Aliita kwa sauti, "Tata Lackson, kuya hapa kidogo," na Lackson akaja na samaki wake mkubwa kifuani, wa aina tunayoiita pale, mnene kama mtoto mchanga, akidhani ameitiwa mteja.

"Wenye mulango ni nyinyi wawili," Emilienne aliwaambia. "Mutapatana hapa, sasa. Mukimaliza, maua yanatoka."

Matildah alicheka mpaka akashika meza yangu. "Hapa? Mulango iko wapi?"

Emilienne alipiga kofi ubao wa nyuma wa pikapu. "Hii inafunguka, inafungika. Mulango ni kitu gani zaidi?"

"Mi naenda boma kule Nchelenge," Elliot alisema.

"Chai yako bado iko motoni. Kaa."

Elliot akakaa. Matildah alikuwa anatikisa kichwa. Aliacha kucheka, akaanza kueleza kwa upole, kama anavyowaeleza mabinti: mlango usio na bibi harusi nyuma yake ni ubao tu. Mtu hawezi kuziba ubao. Angekuwa anaziba nini?

Ilikuwa kweli, na sote tuliliona hilo. Lackson akamweka sawa samaki wake ili aondoke. Emilienne akaangalia kiatu.

"Chabu anaweza kwenda kanisani na muguu moja?" aliuliza.

"Hapana."

"Donc, kiatu kikiwa nyuma ya mulango, na Chabu eko nyuma ya mulango."

Alikichukua taratibu kwa mikono miwili, kama kitu cha heshima, akakiweka ndani ya pikapu juu ya majani mabichi, akafunga ubao, akatia komeo. Kikaonekana kwa juu, cheupe peke yake, kimeelekea ziwani.

Matildah alikitazama kwa muda. Sheria za mlango hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwake, na nilimwona akizipitia moja moja humo ndani akitafuta ile inayokataza. Hakuipata. Akajifunga kitenge vizuri, akasimama mbele ya ubao, akatanua mikono.

"Nani anabisha hodi?" alisema kwa sauti yake ya kanisani.

Hapo Lackson naye akabadilika. Alinikabidhi samaki bila kuniomba, akafuta mikono, akachuchumaa kwenye mchanga, akapiga makofi polepole kwa heshima. "Ni siye, mukwai. Watu wa mbali. Tumechoka."

"Umetoka pale kwenye mitumbwi. Nimekuona."

"Nimechoka hata hivyo."

"Hapa kuna bamama wamechoka kuliko wewe. Wamemufundisha huyu mutoto, wamemupika, wamemupakaa mafuta. Mikono yao imekauka. Sabuni boksi moja."

"Boksi? Wanaoga bamama au wanafuliwa?"

Nilisogeza boksi la sabuni mbele kidogo ili lisifichwe na gunia. Wachuuzi waliacha kununua, wakazunguka. Matildah alitaka sabuni, akataka chumvi ya kukolezea midomo ya waliopiga vigelegele, akataka vitenge viwili, cha mama mzazi na cha nachimbusa, yaani yeye mwenyewe. Lackson aliinamisha kichwa kwa kila kimoja kama mtu anayepigwa fimbo, kisha akakipunguza. Sabuni ikawa nusu boksi. Chumvi ikapita, kwa sababu nilikuwa karibu na niliwapa bei ya kupita. Kitenge cha pili aliomba kiwe leso.

"Nachimbusa afungwe leso?" Matildah alisema. "Niangalie vizuri, ba Lackson. Leso itafika wapi?"

Lackson alimwangalia vizuri, akakubali kitenge.

Wakakwama kwenye samaki. Matildah alimwona mikononi mwangu, akanyoosha kidole. "Na yule."

"Yule hapana," Lackson alisema, na mara hii hakuwa anacheza. "Ni wa sahani ya baba ya Misheck. Mzee amesema hataki kuku, anataka pale mukubwa, kichwa na mukia. Nikimutoa hapa nitamwambia nini?"

"Mwambie alikutana na mulango."

"Siwezi."

"Basi kiatu kinabaki."

Jua lilikuwa limepanda juu ya nyasi. Emilienne alifunua gunia kwenye beseni la kwanza. Vichwa vilivyochongoka vilikuwa vimeanza kuachana, petali moja moja, na rangi inachungulia ndani.

"Yameamka," alisema. "Tangu sasa munakula wakati yangu."

Akapangusa mikono. "Huyu samaki, tata, nani atamupika?"

"Bamama."

"Bamama gani?"

"Hawa wa bibi harusi. Ndio wenye majiko."

"Alors, mupe bamama kwenye mulango. Bamama wanamupokea, wanamupika, wanamuweka mbele ya baba ya Misheck, kichwa na mukia. Bamayo Matildah amepata samaki wake wa mulango. Mzee amepata samaki wake wa sahani. Nani amepoteza?"

Nilimwona Lackson anahesabu, na Matildah anahesabu. Kila mmoja alifika mwisho akajikuta ameshinda, na kila mmoja akamwonea huruma mwenzake. Hayo ndiyo mapatano mazuri. Mimi nimeyafikia mara chache. Lackson akachukua samaki kwangu, akampa Matildah kwa mikono miwili.

"Sasa kule nyumbani watu wataona nini?" aliuliza akisimama. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Nikibisha na mulango ukafunguka tu, watasema nimezeeka."

Matildah naye hakupenda wazo hilo. Wakapatana kubakisha kipande kimoja cha sabuni cha kugombania mlangoni, mbele ya watu. Matildah akasema viwili. Lackson akasema kimoja. Walikuwa wanaanza upya, na Elliot, aliyekuwa ameshakunywa chai, akafungua ubao. Kiatu kikaenda kwa fundi, maua yakaenda kanisani.

Nilifunga meza, nikaenda kuona, maana nilikuwa nimewauzia sabuni na nilitaka kujua mwisho wake. Lackson alibisha. Matildah alikana kwamba kuna binti yeyote nyumba ile. Waligombania kile kipande cha sabuni vizuri sana, hata waliojua walisahau kwamba wanajua, na Matildah alipochangamka akadai cha pili. Emilienne alikuwa amesimama nyuma ya umati na yungiyungi moja mkononi, limefunguka lote. Aliliinua juu ya vichwa vya watu, akaligeuza kidogo kuelekea jua, kama mtu anayeangalia saa. Matildah akaliona. Akachukua sabuni iliyokuwepo, mlango ukafunguka.

Kanisani maua yalikuwa wazi kila moja, kutoka mlangoni mpaka altareni, na Chabu alipita katikati yao na viatu vyake viwili. Viti vilikuwa vitupu. Kila mgeni alikuwa amesoma saa kwenye kadi, akaongeza ule ucheleweshaji wetu wa kawaida, akaongeza tena kidogo kwa kumjua Lackson. Padri alikuwa anakunywa chai. Alipoambiwa bibi harusi amefika, aliuliza kama ni yule wa wiki iliyopita.

Alimaliza kuwafungisha ndoa, wazazi na kina mama wa kupamba wakiwa ndio mashahidi, na mimi, na mbwa mmoja. Wageni walianza kumiminika, wakipongezana wenyewe kwa wenyewe kwa kuwahi, wakakutana na maharusi wanatoka. Wengine waliingia ndani hata hivyo, kuona mapambo. Jua lilikuwa limeshageuka. Maua yalikuwa yanajifunga mbele ya macho yao.

"Yamelala tena," mama mmoja kutoka Kawambwa alisema, na nyuma yake nilimsikia Evariste akikohoa kwa furaha.

Matildah alimgeukia akiwa bado amebeba kitenge chake kipya. "Maua yaliamka," alisema. "Wenye walilala ni nyinyi."

Maneno hayo yalifika Mwansabombwe kabla ya Elliot. Jumapili, baada ya misa, akina mama watatu walimfuata Emilienne, kila mmoja na harusi yake, na kila mmoja akauliza kwanza kama ile pikapu yenye ubao itakuwepo.

Jumatatu alfajiri nilikawia kidogo kwa fundi viatu. Nilipokuja, Evariste alikuwa amesimama mbele ya mabeseni ya Emilienne na beseni lake tupu, mapema, viatu vinang'aa.

"Mama Emilienne," alikuwa anasema, "nataka beseni mbili. Asubui nitapamba na yako, mchana nachomeka plastiki yangu katikati. Harusi itachelewa namna inataka. Na leo mi ndiye mteja wa kwanza."

Alikuwa amefikiri vizuri, sikatai. Emilienne alitazama juu ya bega lake, akaniona.

"Papa Munyu. Chumvi iko wapi?"

Nilikuwa nayo tayari kiganjani. Sikukimbia. "Iko," nilisema. "Lakini asubui hii natafuta kwanza nafasi ya kuweka meza. Pale karibu na ubao wa pikapu, wanakopita watu."

"Pale ni pangu."

"Najua."

Alimwangalia Evariste, akaniangalia mimi. Ukungu ulikuwa unatoka majini.

"Nusu," alisema.

"Nusu," nikakubali, nikammiminia chumvi mkononi.

Aliweka ua juu ya gunia langu, akamgeukia Evariste, uso mkunjufu wa furaha. "Haya, ndugu, karibu. Weye ni wa pili."